Mtaji bila riba kwa sisi wafanyabiashara wadogo wa Tanga: mwongozo kamili, toka siku ya kuhesabu vitumbua mpaka siku ya kumaliza deni

Friza yangu ya kwanza ilibonyea kona ikiwa bado sio yangu. Hiyo stori ntaileta kule mbele maana somo zima limelala humo, ila kwanza nijibu swali ninalopigwa kila asubuhi hapa Makorora nikiwa nageuza vitumbua: dada, hivi hii mikopo ya Kiislamu ni kweli haina riba au ni ileile imevalishwa kanzu? Jibu langu, iko ya kweli na iko ya kanzu, zote mbili utakutana nazo hapahapa mjini, na hata ile ya kweli inaweza kukuangusha chali kama umechukua mkataba usioendana na hela yako inavyoingia. Watu wanahangaika na jina tu, halali haramu, wanasahau kuangalia mzunguko. Mimi naanzia kwenye mzunguko, na ntawapitisha njia niliyopita mwenyewe na tunayopitishana kwenye kikundi chetu cha akina mama ambacho mimi ndo katibu.

Hatua ya kwanza: hakikisha unachohitaji ni deni kweli

Kama hata unga wa kesho ni wa kuazima, usichukue mkopo wa aina yoyote, hata usio na riba. Utaula. Wala sio tabia mbaya, mtoto akilia njaa na laki ipo chini ya godoro utafanyaje? Wewe haki yako ni zaka. Mafakiri na masikini ndo wa mwanzo kutajwa kwenye yale mafungu nane ya Surat Tawba aya ya 60, na wanazuoni wa Kishafi, ambao ndo tunaowafata wengi wetu huku pwani, wameandika toka zamani kwamba fundi apewe za kununulia vifaa vya kazi yake na mfanyabiashara apewe mtaji, sio mtu anapewa kilo mbili za mchele kila Ramadhani mpaka anazeeka nazo. Kwaiyo nenda kwa imamu au kwa huyo tajiri anayegawa, useme wazi naomba zaka ya cherehani, cherehani yenyewe hii na bei yake hii. Watu wanaona aibu kusema hivyo, ila kupanga foleni ya mchele hawaoni aibu, sijui kwanini.

Kama biashara ipo lakini unabangaiza, unataka laki moja mbili ya kuongezea mzigo, hapo tafuta qardhul hasan, yaani mkopo mwema, unarudisha ulichochukua basi, iwe kwa ndugu au kwa kikundi. Na msisahau ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, inatolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa na haina riba. Haijaandikwa bismillahi juu yake lakini haina riba, sasa wewe unataka nini tena. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako atakuelekeza.

Kama biashara inatembea vizuri na sasa inataka friza, cherehani ya umeme, injini ya boti au mzigo mkubwa, hapo ndo tunaingia kwenye hii mikataba yenyewe ntakayoielezea.

Na kausha damu jamani. Unapewa laki mbili asubuhi, hakuna maswali, unarudisha elfu kumi kila siku kwa siku thelathini, ukijumlisha ni laki tatu. Mama muuza mandazi anayepata faida elfu kumi na mbili kwa siku anabaki na elfu mbili ya kulisha nyumba, mvua ikinyesha siku moja tu asipouza kashaanza kukopa kwa mwingine amlipe wa kwanza. Nimeona sufuria zimebebwa mchana kweupe na mama mwenyewe kajificha chooni kwa jirani. Ukiwa ndani ya hiyo hali toka kwanza, usiongeze deni jipya juu hata kama ni la halali, maana hela ya halali itaenda kumlipa kausha damu na wewe utabaki na deni la pili bila biashara.

Hatua ya pili: daftari, siku thelathini, bila kuruka

Hii watu hawaipendi, na mimi sikuipenda. Daftari la kawaida la shule linatosha. Ukurasa wangu wa siku moja ulikuwa hivi: nimepika vitumbua 180, mchele 9,600, nazi 6,000, sukari 2,800, mafuta 4,200, hamira na hiliki 1,000, mkaa 2,000, jumla ya matumizi 25,600. Nimeuza 168 kwa mia mbili mia mbili, 33,600. Faida 8,000.

Sasa tizama, 180 toa 168. Viko wapi vile kumi na mbili? Viwili wamekula wanangu, kimoja kaonja shoga yangu, vitatu kachukua yule mzee wa duka la jirani "utaniandikia", na vilivyobaki nimevigawa hivihivi tu asubuhi mkono wa kheri. 2,400 kila siku. Kwa siku 26 za kazi ni 62,400 kwa mwezi. Sikatazi sadaka, lakini andika kwamba ni sadaka, mimi nilikuwa nagawa karibu rejesho zima la mwezi alafu usiku nalia biashara ina kijicho.

Ukimaliza siku thelathini tafuta wastani wa faida, zidisha na siku unazofanya kazi kweli, sio siku za kalenda. Mimi ilikuwa 8,000 mara 26, yaani 208,000. Kanuni niliyojiwekea, rejesho lisizidi theluthi moja ya hiyo faida, kwangu ni kama elfu 69. Hiyo theluthi ni yangu mwenyewe, sijaitoa kwenye kitabu, lakini kwenye kikundi chetu aliyeivuka amelia.

Alafu chora mwaka wako. Mvuvi wa dagaa anajua, dagaa ni wa giza, mbalamwezi ikitoka watu wanashona nyavu, kwaiyo hela yake inakuja kwa mafungu ya mwezi mwandamo na sio tarehe thelathini kama mwalimu. Kusi likivuma bahari inachafuka na mapato yanashuka, kaskazi ndo neema. Fundi cherehani hela yake ni kuanzia Shaabani mpaka Idi. Mimi vitumbua vya asubuhi mwezi wa Ramadhani vinakufa kabisa, nahamia jioni, na wiki ya kwanza huwa najikwaa mpaka nizoee. Haya yote yaandike, utayahitaji mbele ya afisa mikopo.

Hatua ya tatu: jua mikataba, uchague kwa jinsi hela yako inavyozunguka

Msingi ni aya ya 275 ya Surat Baqara, Allah amehalalisha biashara na ameharamisha riba. Maana yake kwa lugha ya sokoni, hela haizai hela ikiwa imekaa tu kama deni, lazima katikati kuwe na bidhaa, au kazi, au mtu aliyekubali kubeba hasara. Ukilishika hilo mengine yote unaweza kuyapima mwenyewe hata kama Kiarabu hujui.

Murabaha ndo utakutana nayo zaidi. Unataka kitu, taasisi inakinunua, kinakuwa chao, alafu wanakuuzia wewe kwa bei yenye faida mnayoijua wote, unalipa kidogokidogo. Friza ilikuwa 960,000, faida yao 144,000, jumla 1,104,000, nikagawa kwa miezi 16 ikawa 69,000 kila mwezi. Watu wananiambia si bora riba, asilimia kumi na tano ni kumi na tano tu. Tofauti iko kwenye mambo mawili. Bei ikishakubaliwa haipandi, hata nikichelewa mwaka mzima deni ni lilelile 1,104,000. Na la pili, kitu kikiharibika kabla sijakabidhiwa ni hasara yao. Murabaha inamfaa mwenye hela inayoingia kila siku au kila wiki, na inafaa kwa kitu kinachoonekana. Haikufai kama unataka cash ya kulipa kodi ya fremu, na anayekwambia inafaa anakupiga kiswahili.

Mudharaba, mmoja anatoa hela mwingine anatoa jasho. Huku kwetu wala sio kitu cha kigeni, mapato ya chombo toka enzi yanatolewa gharama kwanza kisha yanagawanywa fungu la chombo, fungu la nyavu, fungu la mabaharia, hakuna anayeahidiwa hela kabla boti haijarudi. Ndo akili yenyewe hiyo. Mfano mjomba ana laki nane, anampa kijana akachukue dagaa pale Deep Sea, wakaushwe, wapelekwe bara. Mzigo ukauzwa 1,040,000, usafiri na magunia na chumvi 80,000, faida 160,000. Wamekubaliana sitini kwa arobaini, mjomba 96,000, kijana 64,000. Wangepata hasara, hela inayopotea ni ya mjomba na kijana amepoteza nguvu zake, isipokuwa kama kijana kazembea, kwa mfano kawaacha dagaa uani wamelowa na mvua yeye yuko kwenye bao. Kosa linalofanyika kila siku ni mjomba kusema "kila mwezi unipe elfu hamsini, zingine zako". Hapo imeshaharibika, hiyo ni riba imevaa kofia ya viua. Mgao ni asilimia ya faida, sio kiasi maalumu na wala sio asilimia ya mtaji.

Mudharaba ni tamu kwa mwenye biashara ya misimu kwasababu kusi likivuma hakuna anayekugongea mlango. Ubaya wake inataka uaminifu na daftari la kweli, ndo maana taasisi nyingi zinaikwepa kwa wafanyabiashara wadogo wanakimbilia murabaha. Siwalaumu sana. Nishaona daftari la mtu limeandikwa kwa kalamu moja, siku moja, mistari yote mizuri, miezi sita ya biashara. Nani atakuamini?

Musharaka ni wote mnaweka hela, faida mnagawana mnavyokubaliana ila hasara kila mtu kwa kiasi cha hela aliyoweka. Nzuri kwa injini ya boti, na mnaweza kuandikiana kwamba mmoja anamnunulia mwenzie hisa kidogokidogo mpaka chombo kinakuwa chake peke yake. Ijara ni kukodisha, unalipa kodi ya cherehani au bajaji, matengenezo makubwa ni ya mwenye mali.

Salam naomba nikae hapa kidogo kwasababu ya ndugu zetu wa Muheza. Salam ni mnunuzi analipa hela yote sasa hivi, mzigo unakuja baadae. Mtume alisema anayelipa mbele kwa njia hii basi iwe kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Inamsaidia mkulima kupata hela ya palizi bila kukopa. Sasa kinachofanyika kwenye machungwa, tajiri anakuja mti uko kwenye maua, anatembea shambani anasema nanunua shamba lote kwa laki kadhaa, mzee ana mtoto wa kupeleka shule anakubali. Hiyo sio salam, Mtume alikataza kuuza matunda mpaka yaonekane yamefaa, maana maua yakipukutika mmoja kaliwa, na yakizaa sana mwingine kaliwa. Salam sahihi haitaji kwa jina shamba la mzee fulani wala mti ule, inasema machungwa ya aina hii, magunia kadhaa ya uzito huu, tarehe hii, yakabidhiwe mahali hapa, na hela yote inatoka papohapo. Ukilipwa nusu na nusu baadae, salam imekufa. Mzee akikosa kwake anatafuta kwa jirani anakamilisha. Kwaiyo usiahidi magunia yote unayoota kupata, ahidi nusu.

Hatua ya nne: ichunguze taasisi kabla hawajakuchunguza wewe

Kwanza leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeweka madaraja manne, la kwanza mabenki na taasisi zinazopokea amana, la pili wanaokopesha bila kupokea amana, la tatu SACCOS, la nne vikundi vyetu hivi vya kijamii. Anayekukopesha lazima awe kwenye mojawapo, muulize leseni iko wapi, akianza kucheka ondoka. Mabenki yapo, Amana Bank ndo ilikuwa ya kwanza nchini kufanya kazi yote kwa misingi ya Kiislamu toka mwaka 2011, na benki za kawaida kadhaa zimefungua dirisha lao la Kiislamu. Nenda ukaulize zote, kuuliza sio kuchukua.

Mimi nilikosea hapa mara ya kwanza. Nilienda kwa watu fulani, siwataji, ofisi ina kalima ukutani na dada kavaa vizuri, nikaomba laki tano ya vifaa, wakanihesabia cash mezani. Kwenye fomu wamenifanya mimi ni wakala wao wa kununua vifaa, alafu nimejiuzia mwenyewe kwa niaba yao, faida 125,000. Hawakuuliza risiti hata siku moja. Nilivyochelewa siku nne wakanitoza elfu tatu kwa kila siku, nikauliza hii inaenda wapi, dada akasema ofisini. Kalima haikuwa na kosa, ila mkataba ulikuwa wa hela kwa hela zaidi.

Kwaiyo sasa nauliza maswali haya na nawafundisha wenzangu wayaulize kwa sauti. Mnanipa hela au mnanipa kitu? Uwakala wenyewe unakubalika kwa masharti, lakini lazima ununue kweli, ulete risiti, na wao wakiri wamekimiliki kabla ya kukuuzia. Kitu kikivunjika njiani ni cha nani? Nikichelewa nafanywaje, na hiyo faini inaenda wapi? Taratibu zinazofatwa na taasisi nyingi za Kiislamu zinaruhusu faini ya kumtia adabu mzembe mwenye uwezo, ila hela yake iende kwenye sadaka, isiwe kipato chao hata shilingi. Ada ya fomu ni gharama halisi au ni asilimia ya mkopo? Ikipanda kwa kadri mkopo unavyopanda jiulize karatasi ya mkopo mkubwa ni ya dhahabu? Nani wako kwenye bodi yenu ya sharia? Bima mnayonikata ni takaful, yaani bima ya Kiislamu, au ya kawaida?

Makaratasi ni yaleyale, kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa, picha, TIN (hiyo TRA wanatoa bure, usimlipe kishoka), leseni kama unayo, wadhamini, na profoma, yaani karatasi ya bei ya kitu unachotaka toka dukani. Profoma chukua maduka matatu, mimi duka la pili lilinipunguzia 45,000 bila hata kubembeleza. Na beba lile daftari. Afisa aliyenishughulikia alifunua kurasa kama kumi hivi, akafika ile ya vitumbua kumi na mbili akacheka peke yake, akaniuliza hivi bado unagawa? Nikamwambia naandika.

Hatua ya tano: siku ya kununua

Sasa friza. Tulikutana Ngamiani dukani mimi na afisa, kijana wa guta nimeshamleta kabisa maana nina haraka. Afisa akalipa, risiti ikaandikwa jina la taasisi, friza ikatolewa nje ikawekwa barazani. Nikajua tumemaliza, nikamwambia kijana pakia. Afisa akasema mama subiri, hii bado ni yetu, sijakuuzia. Jua la saa saba lile, kijana analalamika anasema nyie mnasubiri nini mbona kitu kimeshalipiwa, afisa anatafuta kalamu, na yule kijana kwa kutoelewa au kwa kiburi cha jua akainyanyua upande mmoja aisogeze, ikamponyoka, kona ikagonga ngazi ya saruji. Pwaa! Bati likaingia ndani kama kiganja.

Nilikaa chini. Nikajua imekula kwangu, guta nimelileta mimi. Afisa akaja akapapasa ile kona, akavuta pumzi, akasema mama usilie, hii imeharibikia mikononi mwetu, wewe hujasaini kitu, unayo haki ya kuikataa. Akarudi ndani wakabishana na mwenye duka kama nusu saa, mwisho taasisi ikaongeza hela wakatoa nyingine, na ile iliyobonyea ikabaki dukani ya kuuzwa kwa bei ya chini, hasara yao. Kisha ndo tukakaa kwenye benchi, akanisomea, friza hii tumeinunua 960,000 tunakuuzia 1,104,000 kwa miezi 16 umekubali, nikasema nimekubali, nikasaini, mashahidi wawili wakasaini. Kijana wa guta safari hii aliibeba kama anabeba maiti.

Zile dakika za barazani ndo unazilipia ile 144,000. Aliyeuza alikuwa na kitu, kikiwa mikononi mwake kimeharibika na kimemuuma. Wakikwambia saini kwanza kila kitu ofisini kisha twende dukani, kataa, unauziwa kitu ambacho hawana, na Mtume alimwambia Hakim bin Hizam asiuze asichokuwa nacho.

Mkataba uwe wa Kiswahili, uondoke na nakala yako. Aya ya 282 ya Baqara, ambayo ndo aya ndefu kuliko zote kwenye Qur'ani, inazungumzia kuandikiana deni na kuweka mashahidi wawili, kwaiyo mtu akikwambia "sisi ni ndugu tusiandikiane" mwambie kwa heshima kabisa kwamba tunaandikiana kwasababu ni ndugu.

Hatua ya sita: kulipa, na siku ukikwama

Mimi sikusubiri mwisho wa mwezi. Kila siku elfu tatu inaingia kwenye simu, laini tofauti ambayo sina hata bando, kwa siku 26 inakuwa 78,000, ya ziada inakaa kwa ajili ya Ramadhani. Mvuvi afanye kwa giza, kila giza likiisha atoe fungu la deni kabla ya fungu la nyumbani, na toka mwanzo aombe ratiba iandikwe hivyo kwenye mkataba. Wanakubali ukiwaonyesha mwaka wako ulivyouchora, wasipokubali hiyo taasisi haikufai hata kama halali yao ni asilimia mia.

Ukikwama nenda kabla tarehe haijafika. Aya ya 280 inasema mdaiwa akiwa kwenye dhiki basi angojewe mpaka afarijike, lakini hiyo ni ya mwenye dhiki, sio ya mwenye harusi ya dada. Mimi nilikwama mwezi wa tisa, mwanangu kalazwa, nikaenda na karatasi ya hospitali, wakanisogezea miezi miwili na deni halikuongezeka hata mia. Usizime simu. Ukizima simu wewe mwenyewe umeshajihamisha toka kwenye fungu la mwenye dhiki.

Ukitaka kumaliza mapema uliza kama watakupunguzia. Hawalazimiki, ila wengine wanapunguza kwa hiari yao.

Hatua ya saba: kikundi, na lile tatizo la VICOBA

Hapa najua ntagombana na watu. Kikundi chetu kilianza kama VICOBA vya kawaida, hisa kila wiki, sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, mkopo kwa asilimia kumi, mwisho wa mwaka tunagawana. Tukijiambia riba gani wakati hela inarudi kwetu wenyewe? Ustadhi mmoja wa Ngamiani tukamuuliza, akauliza swali moja tu, je wote mnakopa sawasawa? Kumbe hapana. Waliokuwa na shida ndo wakikopa, wenye nafuu wakiweka hisa nyingi na hawakopi, Desemba wenye nafuu wakiondoka na mafungu makubwa yaliyotoka kwa wenye shida. Na sisi tunaimba umoja.

Tukabadilisha hivi. Hisa zikabaki, ila sanduku likagawanywa matatu. La kwanza ni qardhul hasan, kila mtu anaweza kuchukua kiasi kidogo kwa dharura ya biashara, anarudisha hichohicho. La pili ni la biashara, kikundi kinanunua kwa jumla mchele, mafuta, unga, sukari, kinaviweka stoo, kisha tunauziana sisi kwa sisi kwa bei nafuu kuliko dukani lakini yenye faida kidogo, ukitaka lipa baada ya wiki mbili. Faida ndo tunagawana kwa hisa, na hasara pia, mwaka mmoja panya walikula gunia zima tukagawana huo uchungu. La tatu ni mfuko wa jamii, kila mtu anachangia kwa nia ya kusaidia, ugonjwa na msiba unatoka huko, haurudishwi. Mwaka wa kwanza mgao ulikuwa mdogo kuliko zamani na mama watano wakatuhama. Sisemi tuliwashinda, wengine wako vizuri tu.

Mkitaka kuona qardhul hasan inaweza kukua kiasi gani, iko Akhuwat ya Lahore, Pakistan, aliyoianzisha dokta Amjad Saqib mwaka 2001 kwa kumkopesha mjane rupia elfu kumi. Hawachukui riba, mikopo wanaikabidhi misikitini na hata makanisani, wasiokuwa Waislamu wanakopa vilevile, na wengi waliokopa baadae wanarudi kuchangia mfuko. Kwetu pia tuna akina mama watatu Wakristo na mmoja ndo mshika funguo. Kikundi kisajilini halmashauri, katiba iandikwe, mahudhurio yaandikwe.

Mwisho ni zaka yako wewe mwenyewe, maana ulianza kwa kuitafuta na sasa huenda unadaiwa. Chagua tarehe moja ya mwaka wa Kiislamu, mimi nimechagua mfunguo nne, yaani Muharram. Hesabu mzigo uliopo kwa bei ya kuuza leo, jumlisha cash na zile za kwenye simu na madeni unayotarajia kulipwa. Friza, meza, sufuria na jiko hazihesabiwi, hivyo ni vyombo vya kazi. Ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu na imekaa mwaka, asilimia mbili na nusu inatoka. Kuhusu kutoa kwanza deni lako kwenye hesabu wanazuoni wametofautiana, muulize sheikh wako.

Rejesho la kumi na sita ukilipa usiondoke na kupeana mikono tu. Dai barua ya kumaliza deni yenye muhuri, dai dhamana yako irudi, wadhamini wako wapigie simu uwaambie wako huru, na risiti zote zikae pamoja na mkataba kwenye mfuko mmoja wa nailoni mende wasizifikie. Barua yangu nimeibandika kwa ndani ya mlango wa stoo, chini yake nimebandika karatasi ya wanaonidai mimi na ninaowadai, na yule mzee wa "utaniandikia" yumo, vitumbua 41 mpaka jana.